Bukari, Ndagala na Bwana Darubini

Siku ya kwanza nilipofungua makasha ya kofia za mchezo huu, nilidhani chuo kimenunua pikipiki. Nilikuwa mtunza vifaa: mipira, nyavu, koni, funguo za vyumba vya kubadilishia nguo. Nikazipanga zile kofia kwenye rafu, moja moja, nikasubiri pikipiki zije. Wiki mbili zikapita. Akaja mzee mmoja amevaa koti la suti na raba miguuni, akaniuliza kwa Kifaransa kama nimeona kofia zake. Nikamjibu, monsieur, kofia ziko hapa, tunangoja pikipiki tu.

Yule mzee alicheka mpaka akakaa juu ya kasha. Nikanung'unika kwa Kiswahili, "Ya Rabi, huyu naye amepatwa na nini?" Akanyamaza ghafla, akanitazama. "Papa, weye unatokea wapi?"

Mimi Bujumbura, Buyenzi. Yeye Lubumbashi. Huyo ndiye Tonton Ilunga, yaani mjomba wa kila mtu, mwalimu wa hesabu pale chuoni, mkaazi wa mtaa wa Saint-Gilles, Brussels. Ujanani alipelekwa Marekani kusomea mambo ya madini, huko akacheza mpira wa Kimarekani, akarudi na goti bovu na mapenzi yasiyopona. Sasa alitaka wanafunzi wa Brussels waucheze. Alihitaji msaidizi, na funguo za uwanja zilikuwa mfukoni mwangu. Wanangu, msidanganywe na hadithi za vipaji. Mimi niliingia katika ukocha kwa sababu ya funguo.

Nyinyi mnaovaa jezi ya timu yetu ya Nungunungu leo mnaujua mchezo, lakini huenda mama zenu wakasoma hapa, kwa hiyo niseme kidogo. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi. Ikifaulu, inaongezewa manne mengine. Isipofaulu, mpira unakwenda kwa wenzao. Unaweza kumpa mpira mtu mnene apenye nao katikati ya watu, au mrushaji autupe juu, mbali, mwenzake akaudake. Kila jaribio lazima mtu mmoja aamue ni lipi kati ya hayo, halafu ampeleke mchezaji wa akiba mbio uwanjani na neno. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu: kuita mchezo.

Mwanzoni Tonton aliipa michezo namba. Fujo! Mmoja anahesabu kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiflamand, yaani Kiholanzi cha hapa, wa tatu hasikii kwa sababu ya ile kofia. Ndipo nikamshauri tutumie vyakula. Mbio za katikati zikaitwa bukari, maana kwa watu wa Lubumbashi ugali ni bukari, na Tonton angeula asubuhi, mchana na jioni. Pasi yangu ya hila, ile ya watu wanne kutawanyika kila mmoja njia yake, nikaiita ndagala, kama dagaa wa ziwani kwetu mtu akitia mkono majini. Basi mkawaona watoto weupe wa mtaa wa matajiri wa Uccle wanashikana mabega uwanjani wakipiga kelele, "Bukari! Bukari!" Mama mmoja aliniuliza kama ni sala.

Tonton aliita mchezo kama alivyokula. Bukari, bukari, bukari, halafu teke la kuuondoa mpira mbali. Kadi alimoandika michezo yake ilikuwa ndogo kama tiketi ya tramu. Ukimlalamikia anakujibu, "Saidi, muntu hachoke bukari. Tena bukari haianguke chini." Maana yake, mpira ulio mikononi mwa mtu mnene hauibiwi angani. Timu ikishinda, inashinda kwa pointi mbili. Ikishindwa, inashindwa kwa pointi mbili. Watazamaji walikuwa wanasinzia, wake zao wanafuma.

Mimi moto ulikuwa unaniwaka. Goti lake lilipomshinda akaniachia kadi, nikaitupa, nikatengeneza ya kwangu. Bon, ile haikuwa kadi, ilikuwa menyu ya mgahawa wa barabara ya Chaussée d'Ixelles, kurasa mbili, zilikosekana picha tu. Michezo arobaini na kitu! Nilitaka dunia nzima iseme, Saidi hatabiriki.

Mechi yangu ya kwanza kama mkuu, niliita michezo ishirini tofauti bila kurudia hata mmoja. Nikawashtua wote, na wa kwanza kushtuka ni watu wangu. Kuna wakati wawili walikimbia kulia, watatu kushoto, na mrushaji akabaki katikati peke yake na mpira kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Walimkalia watu wanne. Tonton alikuwa kwenye benchi na fimbo yake. Hakunikaripia. Alisema tu, "Kama watu wa nyumba hawajue leo inapikwa nini, mugeni atajuaje?" Nilikasirika siku tatu, kisha nikapunguza menyu.

Kwa kuwa nimefika hapo, niwape na mengine yaliyonichukua miaka kuyajua. Ukitaka kujua mchezo gani utafaulu, usimuulize mrushaji. Yeye siku zote atakuambia arushe. Muulize mnene wa mbele, aliye na matope usoni. Yeye anajua nani upande wa pili amechoka, maana wanahemeana puani. Tena, andika michezo yako kumi ya kwanza nyumbani, umekaa, umeshiba. Hasira haijui kuandika. Na pale Evere kwenye uwanja wetu, upepo wa alasiri unatoka upande wa maghala. Ukirusha kuuelekea, mpira unarudi kukusalimia. Hayo hayamo kwenye tableti zenu. Naona siku hizi mnapiga video kila kitu, mashine inawaambia mpinzani anapenda nini asilimia ngapi. Vizuri, mimi sina ugomvi na mashine. Lakini tulikuwa na jirani aliyetushinda sisi kwa miaka sita na hakuwa na mashine yoyote.

Alikuwa kocha wa chuo kimoja cha upande wa Waflamand, mzee mrefu, mkimya, darubini shingoni mvua inyeshe jua liwake. Sisi tulimwita Bwana Darubini. Miaka sita tulikutana naye, miaka sita akatupiga. Na si kupigwa tu! Alikuwa anajua. Nikiita bukari, watu wake wanajazana katikati kama foleni ya mkate. Nikiita ndagala, wanarudi nyuma wote kabla mpira haujaguswa, wanamngoja dagaa wangu mlangoni. Alors, nikaanza kutafuta jasusi. Nilimshuku mkata nyasi. Nilimshuku dereva wa basi. Nilibadilisha majina ya vyakula, nikachoma kadi nyuma ya ghala, hata mkimbiaji wetu Gaspard, mtoto mpole kama godoro, nilimnyang'anya simu siku nzima. Haikusaidia kitu. Nikazidisha hila, nikazidi kupigwa. Gaspard alinisamehe. Mkata nyasi hanisalimii hadi leo.

Sasa mwaka wa saba, tulipokuwa vibaya kupita yote, mkurugenzi aliniita ofisini. Akaniambia kwa upole, na upole wa ofisini ndio wa kuogopa, kwamba mechi ya mwisho ndiyo itakayoamua. Tukishindwa, tunashuka daraja, na tukishuka daraja, timu inafungwa na uwanja wanapewa watu wa hoki. Mechi ya mwisho na nani? Na Bwana Darubini, nani mwingine.

Nilitoka pale nikiwaza. Vijana arobaini wangekwenda wapi jioni zao? Mrushaji wetu Yassine, mtoto wa Kimoroko aliyezaliwa palepale Brussels, alikuwa ameacha kusoma mara mbili, na mara mbili alirudi kwa ajili ya timu, maana bila kuandikishwa chuoni huchezi. Na Tonton je? Tonton alikuwa ameshastaafu, mke wake amefariki, watoto wako mbali. Kila Jumapili alipanda tramu na fimbo yake kuja kukaa kwenye lile benchi. Ningemwambia nini? Kwamba nyumba aliyoijenga imeniporomokea mimi mkononi kwa sababu ya ujuaji wangu?

Nilipomwambia, akasugua goti. "Bon. Tutacheza," akasema. "Weye uite tu ile unaamini."

Mechi iliangukia Ramadhani, mwezi wa Juni, siku ambazo jua la Brussels halijui kwenda kulala. Mimi nimefunga, Yassine amefunga. Mama Zaina, mke wangu, ambaye kwa kawaida haji uwanjani kwa kuwa haelewi kwa nini watu wazima wanaangushana, siku hiyo alikuja, akakaa safu ya kwanza na mwavuli. Kwa miaka yote yeye ndiye alinifungia mkoba wa kocha: filimbi, kadi, taulo, na chupa ya chai ya tangawizi. Siku hiyo mkoba ulikuwa mwepesi. Chai ilibaki nyumbani.

Wanangu, kipindi cha kwanza kilikuwa cha ajabu. Nikaita ndagala, ikafaulu! Nikaita tena, ikafaulu tena! Watu wa Darubini wanajazana katikati wakati mpira unapita juu ya vichwa vyao. Nikasema moyoni, Saidi, leo njaa imekufungua akili. Tulikwenda mapumziko tunaongoza, nikawa natembea kifua mbele kama jogoo wa jirani.

Tonton akanivuta shati. "Saidi, ule muzee haangalie mupira hata kidogo. Eko anaangalia weye."

"Mimi? Ana nini na mimi?"

"Sijue. Anaangalia mikono yako, anaangalia chini ya benchi, halafu anafanyia watu wake hivi." Tonton akanyanyua viganja vitupu, kama mtu anayesema hamna kitu. "Siku zingine alikuwa anawafanyia hivi." Akashika hewa kwa vidole viwili, akapeleka mdomoni.

Nikavitazama vile vidole, gumba na cha shahada. Kikombe. Alikuwa anashika kikombe.

Mawe, mama yangu! Nilikaa chini. Miaka sita ikapita mbele yangu yote kwa mara moja. Ninapoita bukari, sina wasiwasi, mikono naiweka mfukoni. Ninapotaka kuita ndagala, koo linanikauka, nainama, nachukua chupa, namimina chai, nakunywa, halafu ndiyo naita. Kila mara. Kila mwaka. Nilibadilisha menyu, nilibadilisha majina, nilichoma kadi, nikanyang'anya simu ya mtoto wa watu, na jasusi nilikuwa namimina mwenyewe mbele ya uwanja mzima na sukari vijiko vitatu.

"Tonton, mimi ni mjinga," nikasema.

"Hapana," akasema Tonton. "Una kiu tu."

Nilidhani sasa kazi imekwisha, lakini Mungu ana mipango yake. Kipindi cha pili mvua ikashuka. Mpira ukawa sabuni. Yassine akaudondosha mara mbili, mara mbili wakauokota, wakatupita. Dakika mbili kabla ya mwisho tuko nyuma kwa pointi nne. Teke la kupita milingoti linatoa tatu, halitoshi. Tunatakiwa tuufikishe mpira mstari wa mwisho, na mstari uko yadi thelathini. Jaribio la tatu, yadi nane bado. Pale kila mtu duniani anarusha. Hata bibi mwenye mbwa nyuma ya uzio alijua tutarusha.

Yassine ananitazama kutoka uwanjani, anaomba ndagala kwa macho. Na mimi nilikuwa naitaka! Ulimi wangu ulishaanza kuitamka. Nikamtazama Tonton. Alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yote juu ya fimbo. Pembeni yake kuna chupa yake mwenyewe ya chai, ndogo, ya bluu.

Nikamwita mchezaji wa akiba, nikamnong'oneza sikioni ndani ya kofia: "Bukari."

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Papa Saidi, vraiment?"

"Bukari. Kimbia!"

Alipokwenda, nikainama. Nikaichukua chupa ya Tonton. Nikafungua kifuniko polepole, nikamimina, mvuke ukapanda. Tonton akashtuka, "Eh, Saidi! Si umefunga?" Nikasimama wima mahali ambapo darubini ingeniona vizuri, nikakipandisha kikombe mpaka kwenye mdomo. Harufu ile, wanangu! Saa tisa na nusu ya mchana, sijaonja kitu tangu alfajiri. Sitaki kuizungumzia.

Na hapo Yassine, aliyekuwa ameinama tayari kuupokea mpira, akageuka akaniona. Yule mtoto alipiga ukelele uliosikika mpaka kituo cha basi: "Papa Saidi! Ramadan! Papa Saidi!" Hakuigiza. Alikuwa na uchungu wa kweli, anaona kocha wake anakwenda motoni kwa ajili ya yadi nane.

Bwana Darubini alikiona kikombe, akausikia na ukelele. Mkono wake ukapanda, vidole viwili mdomoni. Watu wake wote wakarudi nyuma, mbio, kwenda kuwangoja dagaa.

Gaspard akapewa mpira, akapita katikati. Katikati palikuwa patupu kama Chaussée d'Ixelles Jumapili asubuhi. Alikimbia yadi thelathini yule mtoto mnene, na kwa jinsi alivyokuwa mzito nilipata muda wa kusoma Fatiha na kuimaliza. Watu walimdaka kwenye mstari, wakaanguka naye, lakini walianguka ng'ambo.

Nililia. Sitasema ni mvua. Tonton alisimama bila fimbo, jambo ambalo daktari alimkataza, akawa anapiga kifua chake kwa ngumi na kusema peke yake, "Bukari. Bukari, mi nilisemaka." Chai nilimrudishia yote, haikupungua hata tone.

Bwana Darubini akavuka uwanja kuja kunipa mkono. Kifaransa chake na changu vilikuwa havipishani kwa ubovu. Akaniuliza kama kikombe kilikuwa kitupu. Nikamwambia kilikuwa kimejaa, ila mimi nimefunga. Alifikiri kidogo, akaitazama ile chupa ya bluu, akavua kofia yake akainama. Miaka sita ya kunipiga ilinitoka moyoni pale pale.

Timu haikufungwa. Watu wa hoki walitafutiwa uwanja mwingine, na wetu mnaujua wenyewe, maana kila wiki mnafua matope yake kwenye jezi zenu. Yassine alimaliza masomo, naye ndiye anayewaitia michezo sasa. Kadi yake si ndogo kama ya Tonton wala si menyu kama yangu. Mkimwona anakuna sikio kabla ya kurusha, mwambieni. Mimi nimemwambia mara tatu, anasema ni kuwashwa tu.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya basi. Jioni ile, jua bado liko juu, tulipanda basi mimi na Mama Zaina kurudi nyumbani. Alikuwa kimya, mwavuli mapajani. Nikaogopa. Nilijua amekiona kikombe, na watu wa msikitini kwetu walikuwa safu ya pili.

"Mama Zaina, wallahi sikunywa."

"Najua hukunywa."

"Umejuaje? Yassine aliniona akapiga kelele. Yule mzee ameniangalia na darubini, akaamini."

Akageuka dirishani, nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka. "Nilipokuona unamimina," akasema, "nikajua tu unataka kumdanganya mtu. Siku ya posa kwetu Buyenzi, ulikunywa vikombe vinne mbele ya baba, halafu ndiyo ukasema una kazi ya kudumu bandarini."

Kazi ya bandarini haikuwepo. Miaka thelathini na moja nilidhani hakuna aliyejua.

"Na baba yako?" nikamuuliza. "Aliamini?"

"Baba ndiye aliyeniambia nikubali," akasema Mama Zaina. "Alisema, olewa na huyu, mwanangu. Huyu hata akitaka kukudanganya, lazima akuombe chai kwanza."